Chumvi Chini ya Mlingoti

Ng'ombe wa kwanza kuja kulamba ardhi chini ya mlingoti alikuwa yule jike mwekundu mwenye pembe iliyopinda, na Kalisti alipomwona alicheka. Angejua, asingecheka. Ilikuwa jioni ya kiangazi, mwaka wa hamsini na mbili, kwenye mgodi mdogo wa dhahabu nyuma ya vilima vya Geita, na vumbi la mashine ya kusagia mawe lilikuwa limetanda tangu asubuhi. Ng'ombe yule alipenya kwenye ua wa minyaa, akapita nyuma ya jiko la Bwana Larseni, akaenda moja kwa moja hadi pale nondo ya shaba ilipozamishwa ardhini. Akainamisha kichwa, akalamba udongo. Kalisti alimchapa kwa kofia yake na ng'ombe hakujali hata kidogo.

Kalisti alikuwa mtu wa Samuye, upande wa Shinyanga, na huko mtoto wa kiume huzijua rangi za ng'ombe kabla hajayajua majina ya wajomba zake. Alichunga, akapigwa na fahali, akapona, akachunga tena. Kisha vita vikaja vikamchukua. Walimtia Keya, jeshi la Mwingereza, wakampeleka Burma, na huko, kwa sababu alikuwa mwepesi wa kupanda miti, wakamfanya mtu wa kutundika nyaya za redio. Watu wengine walirudi kutoka Burma na makovu, wengine hawakurudi. Kalisti alirudi na ugonjwa wa kupenda waya, na ugonjwa huo haukupata dawa.

Sajini wao alikuwa akiwaambia kwamba redio ina mkono mmoja juu mbinguni na mguu mmoja chini ardhini, na mjinga hushughulika na mkono akausahau mguu. Ardhi ikiwa kavu, sauti inakufia hapo hapo ulipo. Kwa hiyo walimwagia maji pale chuma kilipoingia ardhini. Wakipata chumvi, walitia chumvi, maana udongo wenye chumvi na unyevu huupokea umeme vizuri. Maji yakikosekana na chumvi ikikosekana, walijipanga mstari wakakojolea, huku wakicheka. Kalisti alilisimulia jambo hilo kwenye kila harusi aliyoalikwa, na mkewe Philomena kila mara aliinamisha uso kwa aibu.

Baada ya vita alijaribu kurudi kwenye ng'ombe akashindwa. Alifanya kazi kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui kwa muda, akaacha. Ndipo aliposikia kwamba huko Geita kuna mpima ardhi Mzungu, anaishi peke yake, ana redio ya kusema na si ya kusikiliza tu, na anatafuta mtu asiyeogopa nyaya. Alifunga mzigo wake wiki hiyo hiyo.

Bwana Larseni alikuwa mrefu, mkimya, na mwenye hasira za karibu. Redio ile aliiunda kwa mikono yake, kwa kibali cha serikali, ikajaa chumba kizima: masanduku ya chuma, taa za vioo zilizowaka rangi ya chungwa, na jenereta nje iliyokohoa kila jioni. Haikuwa ya mgodi, ilikuwa yake mwenyewe, ya kupitishia wakati. Jioni akitoka kazini alikaa mbele ya maikrofoni akazungumza na rafiki yake aliyeko Nairobi, mwenye redio kama hiyo. Kalisti alikuwa ameokota Kiingereza cha kutosha jeshini, na Philomena alipomuuliza watu wale wawili wanazungumza nini, alimwambia ukweli.

"Wanaulizana mvua."

"Mvua tu?"

"Na redio zao. Huyu anamwambia mwenzake anamsikia vipi, na yule naye anamwambia anavyomsikia. Wakimaliza, wanaulizana mvua."

Philomena alitikisa kichwa. "Chuma chote kile," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Sasa kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali, na udongo wa mlima ule mwekundu ulikauka ukawa mgumu. Sauti ya Bwana ikaanza kufifia. Rafiki yake wa Nairobi alisema anamsikia kama mtu aliyejifunika blanketi, kisha akasema hamsikii kabisa. Bwana alibadilisha taa, akarefusha waya, akapandisha mlingoti juu zaidi hadi ukaonekana kutoka bonde la pili. Haikusaidia. Mwishowe yeye na Kalisti walitazamana, wote wawili wakijua ni mguu sasa, si mkono. Bwana akaagiza chumvi ya mawe, magunia, kutoka duka la Mwarabu. Wakachimba kuizunguka nondo, wakalaza nyaya za shaba pande zote chini ya udongo, na kila asubuhi Kalisti akamwaga chumvi na maji juu yake, ndoo baada ya ndoo. Haikuchukua muda rafiki wa Nairobi akasema, kwa sauti ya mshangao, kwamba leo Bwana Larseni anasikika kama amekaa naye meza moja. Bwana alimgeukia Kalisti akatabasamu, na Kalisti hakuwahi kumwona akitabasamu. Alifurahi moyoni mwake usiku kucha. Nalisema hili ili msidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesifiwa kwa kazi anayoipenda, na mtu wa namna hiyo huwa haoni vizuri pembeni.

Pembeni alikuwapo kaka yake.

Maige, kaka yake mkubwa, alikuwa amehama Samuye mwaka ule ule na ng'ombe wa baba yao, kwa sababu majani ya Shinyanga yalikwisha na watu wengi walikuwa wanasukuma mifugo kuelekea magharibi. Alijenga boma ng'ambo ya kijito, chini ya mgodi, yeye na mkewe Bernadina na binti yao Justa. Majani aliyapata, tena mengi. Alichokikosa ni chumvi. Kwao Samuye kuna mbuga nyeupe ambayo ng'ombe huenda wenyewe kulamba, na kila kundi lina mahali pake. Huku Geita udongo mwekundu haukuwa na ladha yoyote. Ng'ombe wakaanza kutafuna mifupa, wakalamba migongo ya watu yenye jasho, mmoja akala kanga ya Bernadina ikiwa imeanikwa. Ndama walizaliwa dhaifu. Ng'ombe wale ndio waliokuwa urithi wa ndugu wote wawili, na Kalisti, pamoja na nyaya zake zote, alijua kwamba siku mgodi utakapomchoka hana pa kwenda isipokuwa kwenye mikia ya ng'ombe wale.

Maige alipanda mlima akamkuta Kalisti amekaa juu ya gunia.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba. Mwadila," Maige akaongeza salamu ya kwao. "Watu wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

Maige alichuchumaa, akachora chora ardhini kwa ncha ya fimbo. Alikuwa mtu asiyependa kuomba. "Ng'ombe wanateseka," akasema. "Nimesikia kwa Bwana wako kuna chumvi. Hata kidogo, niwatilie kwenye maji, wajikongoje hadi masika."

Kalisti alikuwa amekalia gunia lenyewe. Alikuwa amevuta turubai juu yake asubuhi ile. Na hapa ndipo penye shida ya maisha yake yote, maana hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kusema kwamba chumvi ipo ila si yake. Angeweza kwenda kumuuliza Bwana. Lakini angemwambia nini kaka yake, kwamba chumvi anaimwaga chini kila asubuhi ili Wazungu wawili waulizane mvua? Aliona haya, na haya ikamtoa uongo mdomoni.

"Hakuna, Kaka. Ilikuwepo, imekwisha. Chumvi haipo."

"Wabeja," Maige akasema, kwa namna ya mtu anayeshukuru hata kwa kukosa, akainuka akaondoka. Kalisti alibaki amekaa juu ya gunia hadi jua likamchoma.

Basi ndiyo maana yule ng'ombe mwekundu alipokuja kulamba, Kalisti alicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyepunguziwa mzigo. Alijiambia kwamba Mungu amewapa ng'ombe wa baba yake kile alichowanyima yeye, na hakuna aliyelazimika kusema neno. Kesho yake ng'ombe mwekundu alikuja na wenzake. Siku zilizofuata lilikuja kundi zima, na nyuma yake Maige mwenyewe, uso umechangamka.

"Kumbe ardhi ya huku nayo ina chumvi," akasema. "Tulikuwa hatujaijua ilipo. Ng'ombe ndio wamenionyesha."

Kalisti akasema lile moja alilodhani linatosha. "Lakini Kaka, hapa pana chuma. Mbingu ikianza kunguruma usije hapa. Nakuomba."

Maige alitazama juu. Mbingu ilikuwa tupu, nyeupe kwa joto. "Mbingu gani?" akauliza.

Bwana Larseni alimgombeza Kalisti kwa ajili ya samadi na nzi, akaamuru mahali pale pazungushiwe miiba. Kalisti alizungusha, na alizungusha vizuri, isipokuwa upande wa bondeni, ambapo aliacha mwanya wa kupita ng'ombe mmoja mmoja. Hakumwambia mtu. Bwana akiwa mgodini ng'ombe walikuja, na kabla Bwana hajarudi walikuwa wamekwenda. Migongo yao ikaanza kung'aa. Ndimi zao zilichimba ardhi, wiki hadi wiki, hadi kikatokea kishimo kipana, na ndani yake nyaya za shaba zikaanza kuonekana, safi, zimesuguliwa.

Jirani yao mmoja, mjane mzee aitwaye Zipora, aliyekuwa akipika togwa na kuwauzia wachimbaji, alipita siku moja akasimama. Maige alikuwapo, na wachimbaji kadhaa walikuwapo.

"Ng'ombe hawa watakufa hapa," Zipora alisema.

"Kwa nini, mayu?" Maige aliuliza.

"Sijui kwa nini. Naona tu jinsi wanavyoinamia. Sipendi."

Watu walicheka, lakini maneno yale waliyaweka. Kalisti hakucheka. Usiku hakulala vizuri, na Philomena alipomuuliza alisema ni mbu.

Sasa nieleze jambo la redio ambalo wengi hawalijui. Radi husikika humo kabla haijaonekana. Mtu mwenye vile vikombe vya kusikilizia masikioni anaisikia ikipasuka pasuka, kama kuni mbichi motoni, wakati wengine wote wanaona jua linawaka. Mwisho wa Oktoba Kalisti, akiijaribu redio kabla Bwana hajarudi, alianza kuisikia. Ilikuwa mbali, ng'ambo ya ziwa huenda. Kila alasiri ilikuwa imesogea. Alivua vikombe vile akatoka nje akatazama, na hapakuwa na wingu, na ng'ombe walikuwa wanalamba. Alijiambia kwamba kesho ataziba ule mwanya. Kesho ikafika akajiambia vivyo hivyo.

Kulikuwa na kazi moja ambayo Bwana aliisisitiza kuliko zote. Ukutani, karibu na dirisha, palikuwa na swichi kubwa ya shaba yenye mpini. Mpini ukiwa juu, waya wa mlingoti unaingia kwenye redio. Ukishushwa, waya unaunganishwa na nondo, ili radi ikipiga ipite nje ya nyumba, iende zake ardhini. Ukiisahau, redio itaungua, nyumba itaungua, na aliyemo ndani ataungua nayo. Kalisti hakuwahi kuisahau. Ndiyo kazi aliyojivunia kuliko zote.

Siku yenyewe ilianza kwa joto zito. Alasiri Bwana aliwahi kurudi, akakaa mbele ya maikrofoni, akamwita rafiki yake. Sauti ilitoka na nguvu ambayo haijapata kuonekana, mshale wa kipimo ukaruka hadi mwisho. Rafiki wa Nairobi akasema vizuri sana, vizuri kabisa. Kisha akauliza, je, huko mvua imeanza?

Bwana alichungulia dirishani ili ajibu. Upande wa ziwa mbingu ilikuwa imekuwa nyeusi hadi chini. Ndani ya vikombe mipasuko ilikuwa haiachi nafasi tena kati ya mmoja na mwingine. Bwana akaaga upesi, akazima taa, akamwonyesha Kalisti kidole kuelekea ukutani. Kalisti akashusha mpini. Ukakaa mahali pake kwa mlio mdogo wa shaba juu ya shaba.

Akiwa bado ameushika, akatazama nje.

Ng'ombe walikuwa wanaingia kwenye mwanya, mmoja mmoja, yule mwekundu akitangulia. Nyuma yao Maige alikuwa anawaharakisha kwa fimbo. Kalisti alielewa mara moja, kama mtu wa Samuye anavyoelewa: mvua ya kwanza huosha chumvi yote ya juu, na kila mchungaji hukimbiza ng'ombe wake wakalambe kabla haijanyesha. Angefanya hivyo hivyo yeye. Baba yao ndiye aliyewafundisha wote wawili.

Akafungua dirisha akapiga kelele. "Kaka, toka hapo! Watoe!"

Upepo ulikuwa umeanza. Maige alimwona, akainua mkono kumsalimu, kisha akaweka kiganja sikioni kuonyesha hasikii.

Kalisti alitazama mpini. Akiuinua, radi isingekwenda pale chini, ingeingia humu ndani, na humu ndani Bwana Larseni alikuwa ameinamia masanduku yake akikunja nyaya. Aliuacha mpini ulivyo. Akaruka dirishani, akakimbia. Alikuwa amefika kwenye miiba wakati kila kitu kilipokuwa cheupe.

Aliporudiwa na fahamu alikuwa amelala kifudifudi, udongo mdomoni, hasikii kitu. Mvua ilikuwa inampiga mgongoni. Ng'ombe walilala wameizunguka nondo, vichwa vyote vikiielekea, na Maige alikuwa amelala kifudifudi juu ya ubavu wa yule mwekundu, kiganja chake bado karibu na sikio. Bwana Larseni alisimama mlangoni, hana rangi usoni. Nyuma yake redio ilikuwa nzima, haikupata hata mkwaruzo. Kila kitu kilifanya kazi kama walivyokipanga.

Desturi ya ukoo wao ilikuwa kwamba mtu aliyepigwa na radi haliliwi mpaka mganga afike, na nyama ya ng'ombe waliouawa haiguswi. Kwa hiyo bomani kwa Maige watu walikaa kimya siku nzima iliyofuata, na kimya kile kilimtesa Kalisti kuliko kilio. Masikio yake yalikuwa yameanza kufunguka. Alikaa na wazee, kama inavyompasa mdogo wa marehemu, akawasikia wakianza kuuliza swali ambalo lazima liulizwe. Radi hii kaituma nani?

Mtu mmoja akasema kwamba kuna aliyesema ng'ombe wale watafia pale. Alisema wazi, mchana, mbele ya watu. Mwingine akasema ndiyo, hata yeye alisikia. Vijana wawili wakainuka wakaenda kumleta Zipora, na walipomleta hakuwa na kitambaa kichwani, na alikuwa ameshikwa mkono na kila mmoja upande wake. Alikalishwa chini. Alimtazama Kalisti peke yake, na Kalisti akatazama miguu yake.

Philomena, aliyekuwa upande wa wanawake, alimwona mumewe akitazama miguu yake. Wamekaa pamoja miaka, alimjua. Akaanza kuogopa bila kujua anaogopa nini.

Mganga alipofika alitaka udongo wa mahali radi ilipoingilia, na udongo ule lazima auchote mjane kwa mikono yake. Bernadina akaenda mlimani na ungo. Alikaa huko muda mrefu. Wazee waliendelea kunong'ona, mmoja alitaja nyumba ya Zipora na moto, na Kalisti alikuwa bado anajiambia kwamba sasa hivi atasema, mtu huyu akimaliza kusema naye atasema.

Bernadina alirudi akiwa na udongo kwenye ungo, na nyuma yake alikuja ndama. Ndama huyo alikuwa ameachwa bomani siku ile kwa sababu ya udhaifu, ndiyo maana alikuwa hai. Alikuwa anamsukuma Bernadina kwa pua, anatumbukiza mdomo kwenye ungo, analamba. Bernadina alimfukuza mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu alisimama katikati ya uwanja, mbele ya watu wote, akamtazama ndama yule akilamba udongo uliotoka ndani kabisa, chini ya zile nyaya. Akatia kidole. Akakipeleka ulimini.

Kisha akachambua udongo ule kwa vidole, akatoa punje moja nyeupe, kubwa, yenye kona. Punje kama ile haimo katika udongo wowote. Hutoka kwenye gunia la dukani.

Alitembea hadi alipokaa Kalisti, akaweka ungo miguuni pake.

"Shemeji," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeulizia jembe. "Maige alikuja kwako akakuomba chumvi."

Kalisti aliutazama ungo.

"Aliporudi aliniambia, tusimlaumu mdogo wangu, hana. Imekwisha." Akaiweka ile punje juu ya goti la Kalisti. Wazee waliacha kunong'ona, na wale vijana wawili wakaiachia mikono ya Zipora bila kuambiwa. "Kumbe ilikuwepo," alisema Bernadina.